Mshipa Uliovimba Ubongoni: Mwongozo kwa Wakazi wa Visiwa vya Lamu

Mtu anatia udhu, au anavuta nanga, au ameketi tu barazani, na ghafla kichwa kinampasuka. Maumivu hayakuanza kidogo kidogo. Ndani ya dakika 1 yamefika kileleni, na ukimuuliza atakuambia hajapata kuumwa hivyo tangu azaliwe. Ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo mbele yako sasa hivi, uwe Faza, Shela, Siyu au Kizingitini, ruka moja kwa moja hadi kisanduku cha SAA ZA KWANZA. Mengine utayasoma mgonjwa akishafika hospitali.

Unayesoma kwa utulivu, au uliyeambiwa baada ya picha ya kichwa kwamba una mshipa uliovimba, anzia hapa. Matibabu yenyewe hufanyika mbali na visiwa vyetu, lakini sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa hapa hapa: katika saa chache kabla ya safari, na katika mwaka mzima baada ya kurudi.

UGONJWA WENYEWE

Anyurizimu ya ubongo ni sehemu ya mshipa wa damu ambayo ukuta wake umedhoofika ukatuna, kama mpira wa maji unavyotuna pale ulipochakaa. Kati ya watu wazima 100, takriban 3 wanayo, na wengi wao huishi umri wao wote wasijue. Ikipasuka, damu humwagika katika nafasi inayouzunguka ubongo. Karibu thuluthi moja ya wanaopatwa hufariki, baadhi yao kabla ya kufika hospitali, na wengi wanaopona hubaki na udhaifu wa mwili, wa kumbukumbu au wa kusema. Aliyenusurika mpasuko wa kwanza anakabiliwa na hatari ya wa pili, na saa 24 za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Ndiyo maana madaktari hutaka kuuziba mshipa ndani ya siku hiyo ya kwanza inapowezekana.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Waafrika hawapati ugonjwa huu ila kwa nadra sana. Mwaka 2009 Profesa Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa anyurizimu wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na dhana hiyo ikapungua nguvu. Ugonjwa upo. Palipokosekana mashine ya kuuona, uliandikwa kwa majina mengine: malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au pepo.

Wanaokabiliwa zaidi ni wenye presha, wavutaji wa sigara, wanywaji wa pombe kupita kiasi, wanaotumia kokeini, wanawake kuliko wanaume, wenye ugonjwa wa kurithi wa figo zilizojaa vifuko vya maji, na wenye ndugu wa damu wawili au zaidi waliopatwa. Miraa nayo hupandisha presha, na anayetafuna kila jioni huku anameza dawa za presha anaipinga dawa yake mwenyewe.

KISANDUKU: SAA ZA KWANZA

Dalili. Moja tu yatosha kuondoka nyumbani:

• Maumivu makali ya kichwa yaliyokuja ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika 1 hivi, hata kama yamepungua baadaye. Mshipa unaweza kuvuja kidogo, ukanyamaza siku kadhaa, kisha ukapasuka.
• Kichwa pamoja na kutapika, shingo kukakamaa, au mwanga kuumiza macho.
• Kuzimia, au degedege kwa mtu asiyekuwa na kifafa.
• Kope moja kuanguka, mboni ya jicho hilo kupanuka, au kuona vitu viwili viwili. Hii ni dharura hata kichwa kisipouma.
• Ulimi mzito, upande mmoja wa mwili kukosa nguvu, au kuchanganyikiwa kwa ghafla.

Hatua:

1. Tazama saa, uandike. Andika kwenye karatasi saa maumivu yalipoanza, na karatasi isafiri na mgonjwa. Picha ya CT iliyopigwa ndani ya saa 6 huiona damu karibu kila mara. Kadiri saa zinavyopita ndivyo damu inavyofifia kwenye picha, na daktari atahitaji kujua kama picha safi ni ya kuaminiwa.

2. Mlaze. Aliyezimia alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi. Aliye macho ainuliwe kichwa kwa mito miwili, atulie, asitembezwe.

3. Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Dawa hizi huzidisha kuvuja damu. Parasetamoli inafaa ikiwa yu macho kabisa na anameza vizuri. Mwenye usingizi mzito asipewe kitu chochote mdomoni, hata maji.

4. Usimpe vidonge vya presha vya jirani. Presha itakuwa juu, ndiyo, lakini ikishushwa kwa kishindo ubongo hukosa damu. Kazi hiyo ni ya hospitali.

5. Piga simu kabla ya kuondoka. Uliza Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya King Fahd, au kituo kilicho karibu nawe, maswali mawili: mashine ya CT inafanya kazi leo? Boti ya wagonjwa iko wapi? Isipopatikana, tafuta boti ya mashine yenye nahodha anayeijua njia. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199, na namba za dharura za serikali ni 999 na 112.

6. Mbebe kwa machela au kitanda cha kamba. Usimpandishe punda. Katika boti, alazwe upande wa tezi, kwa kuwa omo ndiyo inayorushwa na mawimbi. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi yake tu.

Nasema jambo moja kuhusu kombe na hijama, kwa heshima ambayo zote mbili zinastahili. Mgonjwa asiye macho kabisa akinyweshwa kombe, maji yanaweza kuingia mapafuni. Hijama nayo inachukua saa ambayo mgonjwa hana. Dua zisomwe, na zisomwe botini.

KUTOKA KISIWANI

Wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini wanajua kwamba bahari ndiyo inayopanga saa. Maji yakiwa yamekupwa na mfereji wa Mkanda haupitiki, nahodha aseme mapema, na uamuzi wa kuzunguka nje au kungoja maji ufanywe pamoja na mhudumu wa afya kwa simu, si gatini watu wakibishana. Msimu wa kusi mkali, ongeza muda katika hesabu zako. Yapo mambo mawili ambayo kila kijiji kinaweza kuyaandaa leo, kabla hajaugua mtu: orodha ya manahodha watatu wenye boti za mashine walio tayari kuitwa usiku, na machela moja inayotunzwa mahali panapojulikana na kila mtu.

Ikiwa CT imeonyesha damu, mgonjwa anahitaji hospitali yenye madaktari wa upasuaji wa ubongo. Kwa barabara, safari hupita Mokowe, Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 300, na kabla ya kuianza uliza hali ya usalama na ya barabara. Mombasa ipo Hospitali ya Rufaa ya Mafunzo ya Pwani, ile tunayoiita Makadara. Kwa tiba ya kupitia ndani ya mshipa, mara nyingi utaelekezwa Nairobi, na hapo ndege kutoka Manda huokoa saa nyingi. Amref Flying Doctors, shirika lililoanza 1957 kwa ajili hasa ya watu walio mbali na hospitali, lina ndege za wagonjwa kutoka uwanja wa Wilson, na lina mpango wa uanachama uitwao Maisha unaolipiwa kwa mwaka. Familia kadhaa zikijiunga kabla ya dharura, gharama inabebeka. Kukodi ndege siku ya msiba kunafilisi.

Kabla hujaondoka hospitali ya kwanza, hakikisha mkononi una barua ya rufaa, picha zenyewe za CT kwenye diski au kwenye simu (maandishi peke yake hayatoshi), orodha ya dawa alizopewa na saa alizopewa, kitambulisho, na jina la daktari aliyekubali kumpokea mgonjwa. Hilo la mwisho familia nyingi hulisahau. Mgonjwa asiyetarajiwa na mtu hukaa kwenye benchi la mapokezi.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ukidaiwa amana kwanza wakati mgonjwa yuko hatarini, itaje ibara hiyo kwa adabu, na uombe kuzungumza na msimamizi wa zamu.

Dawa moja ya kuijua kwa jina ni nimodipini. Baada ya damu kumwagika, mishipa ya ubongo huweza kujibana, hasa kuanzia siku ya 4 hadi ya 14, na mgonjwa aliyekuwa akizungumza vizuri hupooza. Nimodipini hupunguza madhara hayo. Kawaida hutolewa miligramu 60 kila saa 4, usiku na mchana, kwa siku 21. Kwa vidonge vya miligramu 30, hiyo ni vidonge 252. Ukitumwa kuinunua duka la nje, fanya hesabu hiyo kabla ya kulipa, ili isije ikaisha katikati ya wiki ya pili.

KUTIBU BILA KUFUNGUA FUVU

Njia ya zamani ni kufungua fuvu na kubana shingo ya uvimbe kwa kibano kidogo cha chuma. Walter Dandy aliifanya kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1937. Njia ya pili hupitia ndani ya mishipa. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, daktari hutoboa ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono kwa tundu la milimita 2 au 3, kisha huingiza mrija mwembamba, yaani katheta, na kuupandisha hadi shingoni. Ndani yake hupitisha mrija mwingine mwembamba zaidi hadi ubongoni, akiuongoza kwa eksirei na dawa ya rangi inayoionyesha mishipa kwenye skrini.

Mwaka 1990 Guido Guglielmi na wenzake huko Los Angeles walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa koili za platini zinazojikunja ndani ya uvimbe mpaka damu isipate nafasi ya kuingia. Utafiti uitwao ISAT, uliochapishwa 2002 na kuhusisha wagonjwa 2,143 ambao uvimbe wao ulikuwa umeshapasuka na ungeweza kutibiwa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, ulionyesha kwamba baada ya mwaka 1 waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa takriban 24 kati ya 100 kwa koili, na 31 kati ya 100 kwa kibano.

Koili, hata hivyo, zina mipaka yake, na hapa ndipo linapoingia neno utakaloambiwa na daktari: uvimbe wako ni mgumu kutibu. Muulize ugumu uko wapi hasa, maana kila sababu ina dawa yake.

• Shingo pana. Mdomo wa uvimbe ukifika milimita 4 au zaidi, koili huteleza na kurudi ndani ya mshipa mkuu.
• Ukubwa. Unaofika milimita 25 huitwa mkubwa mno. Koili hujazwa nyingi, na baada ya miezi hujibana na damu ikarudi.
• Umbo. Mshipa uliotuna pande zote hauna shingo ya kuzibwa.
• Mahali. Njia panda ya mishipa, au mishipa ya nyuma karibu na shina la ubongo, ambako mkono wa mpasuaji hufika kwa shida.
• Uliowahi kutibiwa ukafunguka tena.

Kwa hali hizi kuna njia nne ambazo pengine utazisikia.

Koili kwa msaada wa puto. Puto dogo hujazwa kwa muda mbele ya mdomo wa uvimbe ili koili zisitoke, kisha huondolewa. Faida yake kubwa ni kwamba hakibaki chuma ndani ya mshipa mkuu, hivyo inafaa hata kwa uvimbe uliopasuka.

Koili kwa msaada wa stenti. Bomba la wavu wa chuma huachwa ndani ya mshipa lizuie koili. Linabaki humo maisha yote, na linadai dawa za kuzuia damu kuganda.

Stenti ya kuelekeza damu. Hii ndiyo iliyobadilisha hali ya wenye uvimbe mkubwa. Wavu wake umesukwa kwa nyuzi nyingi sana, na mara nyingi uvimbe wenyewe hauguswi: wavu hupita mbele ya mdomo wake, damu ikafuata njia kuu, ile iliyobaki ndani ikapoa na kuganda, na ukuta mpya ukaota juu ya nyuzi. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani, iitwayo Pipeline, ilipata idhini 2011. Katika utafiti wake mkuu kwa wenye uvimbe mkubwa, uvimbe ulikuwa umeziba kabisa kwa takriban 74 kati ya 100 baada ya miezi 6, 87 baada ya mwaka 1, na 95 baada ya miaka 5. Takriban 6 kati ya 100 walipata kiharusi kikubwa au walikufa kwa sababu ya ubongo. Shika yote mawili: inaziba vizuri, lakini inaziba polepole, na tundu dogo la kinena halimaanishi hatari ndogo. Kwa uvimbe uliopasuka jana, madaktari wengi huiepuka, kwa sababu inadai dawa za kulainisha damu wakati ule ule ambapo damu imetoka kuvuja. Mara nyingine huanza kwa koili kufunika palipopasuka, na stenti ikafuata wiki kadhaa baadaye.

Kikapu cha wavu ndani ya uvimbe. Kile kiitwacho WEB hutengenezwa kwa ajili ya uvimbe wenye shingo pana ulio kwenye njia panda. Hukaa ndani ya uvimbe wenyewe, kwa hiyo hitaji la dawa za kulainisha damu ni dogo. Katika utafiti wa Marekani wa watu 150, baada ya mwaka 1 uvimbe ulikuwa umeziba kabisa kwa zaidi ya nusu yao, na ulikuwa umeziba kiasi cha kuridhisha kwa karibu 85 kati ya 100.

MAHALI UNAPOISHI NI SEHEMU YA MATIBABU

Stenti inadai vidonge kila siku kwa miezi, picha za kurudia, na hospitali iliyo karibu endapo damu itaganda au kuvuja. Kibano cha upasuaji wa kufungua fuvu kinadai ujasiri wa siku moja na wiki za kupona, na kikikaa sawa mara nyingi hakuna vidonge vya kulainisha damu na safari za ufuatiliaji ni chache. Kwa baadhi ya mishipa, hasa ile ya pembeni ya ubongo, wapasuaji wengi bado wanapendelea kibano.

Kwa hiyo mwambie daktari wazi unatoka wapi. Mwambie kwamba kutoka kwenu Kizingitini hadi duka la dawa lenye uhakika ni safari ya bahari, kwamba wakati wa kusi kuna siku boti haziondoki, na kwamba wewe ni mvuvi unayekatwa na ndoana kila wiki. Daktari mzuri atalipima hilo. Naamini wagonjwa wetu wengi hulinyamazia jambo hili kwa kuogopa kuonekana washamba, na hivyo wanapewa mpango uliotengenezwa kwa mtu anayeishi hatua chache kutoka hospitali.

Ikiwa uvimbe haujapasuka, uliza pia kama kuna haja ya kuutibu sasa. Mdogo wa chini ya milimita 7 kwenye mishipa ya mbele, kwa mtu ambaye hajawahi kuvuja damu ubongoni, mara nyingi hufuatiliwa tu kwa picha, huku presha ikidhibitiwa na sigara ikiachwa. Kuambiwa usubiri hakumaanishi umetupwa. Daktari anapima ukubwa, mahali, umri, presha na historia yako, kisha analinganisha na hatari ya tiba yenyewe.

KISANDUKU: MASWALI YA KUMUULIZA DAKTARI

Nenda na ndugu mmoja mwenye utulivu. Yeye aandike majibu.

1. Uvimbe una milimita ngapi, na shingo yake milimita ngapi? Uko mshipa gani?
2. Ukiachwa, hatari yake ni ipi? Ukitibiwa, ni ipi?
3. Je, mpasuaji na daktari wa tiba ya ndani ya mshipa wote wawili wameziona picha zangu?
4. Umeshafanya tiba ya aina hii mara ngapi wewe mwenyewe, na katika hospitali hii?
5. Kikitokea kitu usiku ule, kuna chumba cha wagonjwa mahututi na mpasuaji wa zamu?
6. Nitameza dawa gani, kwa miezi mingapi, na Lamu nitazipata wapi?
7. Bei imejumlisha vifaa vya ndani? Koili za ziada zikihitajika, nani analipa?

Swali la 4 lisikutie haya. Daktari anayekasirika kwa kuulizwa hivyo amekupa jibu.

FEDHA

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Usajili hufanywa kwa *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hupimiwa uwezo wa kaya yake na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Jisajili na ulipe ukiwa mzima. Kwa tiba ya kupangwa, ofisi ya bima ya hospitali iombe idhini kabla ya siku ya tiba, na uombe kuoneshwa kwa maandishi kiasi kinacholipwa na SHA na kinachobaki kwako. Vifaa vyenyewe huagizwa kutoka nje na ndivyo vinavyopandisha bili, hivyo familia inayoitisha mchango iitishe kwa kutumia makadirio ya maandishi ya hospitali, si kwa tetesi.

Kabla ya kukimbilia India, peleka picha zako kwanza Nairobi. Dar es Salaam nako, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, ina mtambo wa tiba ya mishipa ya ubongo. Jihadhari na madalali wa safari za matibabu wanaotaka pesa kabla hujapata barua ya daktari mwenye jina.

WIKI YA TIBA

Ikiwa umepangiwa stenti, kwa kawaida utaanzishiwa aspirini na klopidogreli siku kadhaa kabla. Waulize kama watapima iwapo klopidogreli inafanya kazi mwilini mwako, kwa maana wapo watu ambao haiwafai na hubadilishiwa. Taja mzio wowote, ugonjwa wa figo, mimba, na metformini kama unameza kwa sukari, kwa sababu ya dawa ya rangi. Usiku wa mwisho hutakula.

Baada ya tiba utalala saa kadhaa bila kukunja mguu uliotobolewa. Kwa siku chache zinazofuata, epuka kuchuchumaa chooni, kubeba ndoo, kupanda ngazi za nyumba zetu za ghorofa mara kwa mara, kupanda punda, na kuruka kutoka botini hadi gatini. Usirudi kisiwani siku unayotoka wodini. Kaa kwanza mjini kwa muda ambao daktari atakuambia. Pakivimba au kutoka damu penye tundu, bonyeza kwa nguvu ukiwa umelala, na uitishe msaada.

KURUDI NYUMBANI: VIDONGE

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Mwenye stenti akiacha vidonge vyake, damu inaweza kuganda kwenye wavu na akapata kiharusi. Haumwi popote, anajiona mzima, vidonge vimeisha, anasema atanunua akienda Amu Ijumaa. Siku hizo chache zinatosha kumwangusha.

1. Weka akiba ya mwezi 1 juu ya dozi unayotumia. Ukiianza akiba, siku hiyo hiyo agiza nyingine.
2. Meza saa ile ile kila siku. Anayesali ana nyakati tano za kujikumbusha. Chagua moja usiibadilishe.
3. Usiache wala usipunguze kwa ushauri wa yeyote ila daktari wa tiba yako. Anayetaka kukung'oa jino au kukufanyia upasuaji mdogo azungumze naye kwanza.
4. Usinunue omeprazoli dukani kwa kiungulia ukiwa kwenye klopidogreli; huipunguzia nguvu. Uliza dawa mbadala.
5. Usitumie diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo. Tumia parasetamoli.
6. Hijama ingoje mpaka daktari aruhusu.
7. Ukijikata kwa kisu au ndoana, bonyeza dakika 15 bila kuchungulia. Choo cheusi kama lami, damu ya pua isiyokatika, au kichwa kikali cha ghafla: ondoka.

Kwa Ramadhani, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Vidonge vya mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa futari au daku, lakini upungufu wa maji mwilini katika miezi ya mwanzo ya stenti ni hatari, na aliye kwenye nimodipini kila saa 4 ni mgonjwa mwenye ruhusa ya kula. Mshirikishe imamu wako mapema ili moyo utulie.

Presha ipimwe kila wiki, zahanati au nyumbani, na iandikwe daftarini. Sigara iachwe kabisa.

Beba daima kadi ya kifaa chako: jina lake, tarehe, hospitali. Koili na stenti nyingi za sasa hazizuii kipimo cha MRI, lakini fundi wa mashine atataka kuiona kadi hiyo. Ipige picha, uitume kwa watoto wako wawili. Picha ya kwanza ya ufuatiliaji mara nyingi huwa kwenye miezi 6, nyingine kwenye mwaka 1, halafu kwa kuachana zaidi. Panga tarehe hizo pamoja na nauli kabla hujatoka Nairobi, ukikwepa miezi ya kusi ikiwa safari yako ni ya bahari.

Na ikiwa katika ukoo wenu ndugu wawili wa damu wamewahi kupatwa, au yupo mwenye zile figo za vifuko, wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto waliokomaa wamwone daktari wazungumzie kipimo cha mishipa ya ubongo. Anza na yule mwenye presha anayevuta sigara.